Ukuta Unaoutazama

Kwetu mtu hapaki chokaa nyumba yake. Anapaka nyumba inayomkabili. Ukifungua mlango asubuhi, ukuta unaokutana na macho yako ndio wako: ukibanduka ni aibu yako, ukiota ukungu ni uvivu wako. Ule wa nyumba yako mwenyewe anauangalia jirani wa upande wa pili, na usithubutu kumfundisha kazi.

Amri hiyo inasemekana waliitoa wageni, wale waliojenga mtaa huu wakauzungushia ukuta, wakauwekea bendera yao, mahakama yao na posta yenye stempu zao, kana kwamba wamekata kipande cha kwao wakakishona katikati ya mji wa watu. Mkubwa wao alichoka kuambiwa na wenzake, "Mimi nikiwa ndani nyumba yangu siioni." Akaamuru kila mtu atunze anachokiona. Baadaye wageni waliondoka na bendera ikashuka, lakini amri ilibaki. Hakuna aliyetulazimisha. Waliohamia ndani ya ukuta walikuwa wale wale waliokuwa wakiwapikia wageni, wakiwafulia na kuwabebea mizigo, na kuta hizi walizijua kuliko wenyewe waliozijenga.

Mahakama sasa ni shule. Nilisoma pale mpaka darasa la tano, dawati langu likiwa mahali palipokuwa kizimba cha washtakiwa. Posta anaishi fundi cherehani, na vile visanduku vya barua vilivyojaa ukutani amevijaza vitambaa, vifungo na uzi, kila rangi na chumba chake. Mlango wake unatazama shule, kwa hiyo kila mwaka yeye ndiye anayeipaka. "Babu yangu alifungwa humu wiki mbili kwa kukaa kwenye benchi la wageni," husema akiwa juu ya ngazi. "Sasa mimi nawapaka mgongo!" Halafu anarudia mahali ambapo brashi haikushika vizuri, maana maneno yake ni ya mzaha lakini kazi yake si ya mzaha.

Sisi tuko mwisho kabisa, kwenye nyumba ya kufulia. Ni nyumba ndefu ya mawe yenye makaro kumi na moja na mfereji unaopita katikati ya sakafu, na kamba za kuanikia ziko uani. Wageni walifuliwa humu na nyanya zetu. Leo tunafua mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya hoteli. Wanawake ni kumi na mmoja, karo moja kwa kila mmoja, na mkubwa wetu ni shangazi yangu. Mlango wetu unatazama lango kubwa la mtaa, lenye minara miwili na ua la chuma juu ya tao. Kwa hiyo lango ni letu. Watu wanaokuja kupiga picha za harusi zao pale hawajui kwamba weupe ule umetoka mikononi mwa madobi, lakini sisi tunajua, na picha zikitoka tunatazama ukuta kwanza, bibi harusi baadaye.

Shida ni moja. Langoni halali mtu. Zamani kulikuwa na walinzi katika chumba cha mnara wa kushoto, na wao ndio waliokuwa wakipaka nyumba yetu. Walipoondoka na wageni, hakubaki wa kututazama. Basi kila mwaka, tukishamaliza lango, tunageuka na kupaka ukuta wetu wenyewe. Shangazi hujifunga khanga kiunoni na kusema, "Haya jamani, sasa tumpakie askari." Miaka yote hiyo tumemshikia zamu mtu aliyekwenda zake bila kuaga.

Kuandaa chokaa ni kazi yangu. Mama alipofariki Shangazi alinichukua, akaniona ulimi wangu mzito, akanipa kazi isiyohitaji maneno. Mawe ya chokaa nayazima mwenyewe kwenye pipa. Maji yakiingia, pipa linachemka na kunguruma kama lina mtu ndani. Naliacha siku tatu, nachuja kwa kipande cha shuka kuukuu, natia chumvi ili ishike. Kabla ya kupaka, nakwangua yale yaliyolegea na kuulowesha ukuta, kwa sababu ukuta mkavu hunywa maji yote ukaacha unga, na unga huo utaondoka na mgongo wa kila anayeegemea. Madobi wenzangu wananiita Kimya. Siku nikiomba sabuni husema, "Leo Kimya katoa hotuba."

Mwaka jana ofisi ya majengo ya kale ilimtuma bwana mmoja mwenye miwani, amebana mabomba ya ramani kwapani. Haikufika adhuhuri, wanawake walikuwa wameshampa jina: Bwana Ramani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema serikali inataka kuuhifadhi mtaa wetu, kwamba majengo yatakayoandikwa kwenye orodha hayatabomolewa kamwe, na wageni wa kutembelea watakuja kuyaona. Alitafuta mahali pa kuweka meza yake, na chumba pekee kilichokuwa kitupu ni kile cha walinzi, langoni. Dirisha lake likawa linatazamana na mlango wetu. Sisi tukikamua mashuka anatuona, yeye akipuliza chai tunamwona.

Siku moja alikwangua chokaa ya lango, akafungua kidirisha cha ukubwa wa kiganja, tabaka baada ya tabaka, kama ngazi ndogo ya kushuka ukutani. Mimi nilikuwa nimemletea ndoo ya maji.

"Unaona hapa juu kote ni nyeupe?" aliniambia. "Halafu hapa chini inaanza buluu. Wageni walikuwa wakitia buluu ya nguo kwenye chokaa. Kila tabaka ni mwaka mmoja. Buluu ziko arobaini na saba, na ndiyo miaka waliyokaa hapa tangu lango lijengwe."

Niliitikia kwa kichwa tu. Habari ya buluu niliijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Masanduku ya buluu yalikuwa yakiwekwa kwetu, nyumba ya kufulia, na wapakaji walikuja kuomba kwa nyanya zetu. Wageni walipoondoka masanduku yalikoma, na hata buluu iliporudi madukani watu walikuwa wameshauzoea weupe wa chokaa tupu. Lakini mtu anapofurahia jambo alilogundua, sioni haja ya kumkata. Alikifunika kidirisha chake kwa kioo, akakifuta kwa leso.

Kisha zikaja fomu, moja kwa kila nyumba. Swali lilikuwa: Eleza jengo unalolitunza.

Na watu wakaeleza. Fundi cherehani alijaza kurasa mbili juu ya shule, mpaka bawaba za milango. Mwoka mikate, ambaye mlango wake unatazama posta, aliandika posta. Kwetu ilikuja fomu moja. Shangazi alisema na mimi nikaandika, taratibu, herufi zangu zikiwa zimesimama wima kama watoto kwenye mstari. Niliandika: Lango. Minara miwili. Ua la chuma lina petali saba, moja imekatika ncha. Tunapaka kila mwaka. Nilijivunia fomu ile. Sikuifuta mahali hata pamoja.

Wiki sita baadaye tulikuta alama ya msalaba mwekundu ukutani kwetu, kubwa, imepigwa kwa rangi kando ya mlango. Bwana Ramani alikuwa amesimama pale na mwenyekiti wa mtaa, na wote wawili walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Hii haimo, mama," alimwambia Shangazi.

"Haimo wapi?"

"Kwenye orodha. Fomu thelathini na nne nimezisoma zote. Shule imo, posta imo, forodha imo, kisima kimo. Lango limeelezwa mpaka petali. Nyumba ya kufulia hakuna aliyeiandika. Na ramani ya wageni inaonyesha hapa palikuwa uwanja mtupu. Kwa hiyo ofisi imeona ni jengo la baadaye. Patakuwa maegesho ya mabasi ya watalii."

"Mabasi," alisema Shangazi. "Mabasi yatafua nini hapa?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa fundi cherehani, aliyekuwa amekuja na mkanda wake wa kupimia shingoni. Alicheka mara moja, akanyamaza ghafla, akajipiga paji la uso.

"Ngojeni! Mimi niliandika shule. Mwoka mikate aliandika posta. Kila mtu kaandika ukuta anaoutazama! Sasa nyumba ya kufulia inatazamwa na nani?"

Tuligeuka sote. Mbele yetu lilikuwa lango.

"Na lango," alisema fundi, safari hii polepole, "halijui kuandika."

Bwana Ramani alieleweshwa amri yetu pale pale, na watu wanane kwa wakati mmoja. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta. Alisema anatuamini, ila orodha imeshakwenda kwa wakubwa wake na maneno hayataifungua tena. Ingefunguliwa na ushahidi tu. "Nipatieni picha, au karatasi yoyote, inayoonyesha nyumba hii ilikuwapo enzi za wageni. Mkutano wa mwisho ni Alhamisi, pale shuleni. Baada ya hapo nakabidhi kazi."

Picha! Nani aliwahi kumpiga picha dobi? Wanawake walipekua makabati na masanduku yao siku tatu. Ilipatikana picha moja ya zamani, na ndani yake mlionekana mbwa wa mgeni fulani na, kwa mbali nyuma yake, kiwiko cha mkono.

Mimi sikupekua. Nilikuwa nimekaa mbele ya karo langu nikijua mambo mawili. La kwanza, kwamba aliyeandika lango na kuiacha nyumba yetu nje ni mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa nimejivunia. La pili, kwamba ushahidi tunao na mimi ndiye ninayeukwangua kila mwaka.

Jumatano tulikuwa tunakamua shuka, mimi huku na Shangazi kule. Nikamwambia, "Shangazi, buluu imo pia kwenye ukuta wetu."

Hakuacha kukamua. "Chini?"

"Chini ya nyeupe. Nimeiona mara nyingi."

"Basi kesho utawaambia."

"Sema wewe, Shangazi. Mimi siwezi mbele ya watu."

"Mimi nina miaka ishirini sijashika kikwanguo. Nitasema nini? Nimesikia kwa Kimya?" Alilivuta shuka mpaka nikakaribia kuanguka karoni. "Jikaze kisabuni, mwanangu. Wewe ndiye uliyeona."

Alhamisi chumba kilijaa. Nilikaa nyuma, karibu na mahali palipokuwa dawati langu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye jambo kuhusu nyumba ya kufulia, na Shangazi akanigusa mbavu kwa kiwiko. Nilisimama. Niliona vichwa vyote vikigeuka.

"Kimya anasema!" fundi cherehani aliita. "Fungeni madirisha maneno yasiruke!"

Alitania kunitia moyo, najua, lakini watu walicheka na yale niliyokuwa nimeyapanga yakapotea yote. Nikatoka nje. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema, "Masikini, kala kona."

Sikukimbia. Nilikwenda kazini. Nilichukua ndoo, brashi na kikwanguo changu, nikalowesha ukuta juu ya ule msalaba mwekundu, pale mistari yake inapokutana, nikangoja maji yaingie, nikaanza. Kule shuleni, niliambiwa baadaye, Shangazi alikuwa amesimama na kusema, "Huyo hajakimbia. Anayetaka kumsikia amfuate."

Walipofika nilikuwa nimeshapita rangi nyekundu na matabaka manane. Nilikwangua kwa ngazi kama alivyofanya Bwana Ramani langoni, kila mwaka nikiuachia upana wa ukucha. Watu walinizunguka. Walileta viti. Fundi cherehani hakutania tena. Alipiga magoti pembeni yangu na kibweta chake cha pini, akachomeka pini kwenye yale manane, na kila nilipoacha tabaka jingine akachomeka moja, akihesabu kwa sauti. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Alipofika hamsini, baadhi walianza kunong'ona. Alipofika sitini, mwenyekiti alitazama saa.

Pini ya sitini na tatu ilikuwa ya mwisho kwenye nyeupe. Nililowesha, nikasukuma ncha ya kikwanguo kwa kidole gumba, na ganda jembamba likadondoka kwenye sketi yangu. Chini yake ilikuwa buluu, buluu ya asubuhi, kama maji ya kusuuzia mashati.

Bwana Ramani alipiga magoti kwenye matope ya chokaa na suruali yake ya ofisini. Pua yake ilikaribia kugusa ukuta. "Hebu," alisema, akanyoosha mkono kuchukua kikwanguo, akaanza kukwangua kwa haraka.

"Hapana," nilisema.

Aliacha kukwangua. Wote walinigeukia.

"Utavunja. Lowesha kwanza."

Alinirudishia kikwanguo, kwa mikono miwili. Nikaendelea. Buluu zilikuwa nyembamba kuliko nyeupe, maana wapakaji wa wakati ule walipewa chokaa kwa kipimo. Mchana ulifika tukiwa bado pale, hakuna aliyekwenda kula. Chini ya buluu ya arobaini na nne palikuwa na jiwe.

"Arobaini na nne," alisema Bwana Ramani. "Na lango arobaini na saba." Alikaa chini kabisa, miguu mbele kama mtoto. "Ramani yangu ilichorwa mwaka lango lilipokamilika. Miaka mitatu baadaye ndipo wakajenga hapa. Ndiyo maana uwanja ulikuwa mtupu." Alinitazama. "Lakini nani alikuwa akipaka, kama ninyi mlikuwa mnapaka lango?"

Safari hii maneno yalikuja yenyewe, labda kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado na kazi.

"Walinzi. Walikuwa kwenye chumba chako, dirisha lao linatazama hapa. Wao walipaka hizi za chini. Walipoondoka, sisi tukawapokea. Hizi nyeupe zote ni zetu." Nilipitisha kidole juu ya vichwa vya pini, kutoka chini kwenda juu. "Wao ni arobaini na nne. Sisi ni sitini na tatu. Tumeitunza kuliko wao."

"Sema tena," alisema fundi cherehani. "Huko nyuma hawajasikia."

Nilisema tena. Nilisema kwa sauti iliyogonga lango ikarudi, na Shangazi alikuwa akifuta macho kwa pindo la khanga huku akimwambia jirani yake kwamba ni chokaa imemwingia.

Barua ilichukua miezi miwili. Mwenyekiti aliisoma uani kwetu, kati ya kamba, mashuka yakimpiga kisogoni: nyumba ya kufulia imeandikwa, nambari thelathini na tano, isibomolewe. Mabasi yatasimama nje ya ukuta na watalii watatembea kwa miguu. Nambari yetu iko kwenye kibao cha shaba, na chini ya kibao kuna kidirisha chenye kioo, ngazi nyeupe na ngazi za buluu, na pembeni vipande vinne vya ule msalaba mwekundu, kwa sababu nilikataa visifutwe. Wageni wa kutembelea wanapofika pale huuliza ule wekundu ni wa mwaka gani. Ni wa mwaka jana, nawaambia. Nawaambia mimi mwenyewe.

Bwana Ramani aliongezewa mwaka mmoja wa kukaa nasi, akabaki na meza yake katika chumba cha walinzi. Msimu wa kupaka ulipofika tulimaliza lango, minara yote miwili, tukashuka ngazi. Wenzangu waligeukia ukuta wetu kama kawaida, wakamngoja Shangazi aseme neno lake. Hakulisema. Alichukua ndoo iliyojaa, akavuka njia, akaipandisha juu ya ramani za watu, mezani.

"Mama," alisema Bwana Ramani, "mimi ni mtu wa kalamu."

"Dirisha lako linatazama wapi, baba?"

Alitazama nje. Kisha akavua tai, akaitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati. Wanawake kumi walipiga vigelegele kana kwamba ameposa. Askari wetu alikuwa amerudi zamu.

Mimi nilikuwa chini ya ukuta nikikoroga pipa. Alichovya brashi, akaivuta ikidondosha chokaa mpaka kwenye viatu, akaupaka ukuta mstari mmoja mpana kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi nyuma kuutazama kwa furaha. Ukuta ulikuwa mkavu. Nilipitisha kiganja juu yake, kikatoka cheupe cha unga, nikamwonyesha.

"Lowesha kwanza," nilisema kwa sauti. "Halafu rudia."

Kule mwisho wa pili wa mtaa fundi cherehani alisimamisha mashine yake.

"Umemsikia!" alipaza sauti. "Rudia!"

Akarudia.